Nilichoandika Kuhusu Tumbo la Mumbua

Siku ya kwanza kazini nilifukuzwa chumbani kabla ya saa nne asubuhi. Nilikuwa muuguzi mkunga mpya kabisa, sare imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, na nilikuwa nimepangiwa zahanati moja ya vilima vya Kilungu, si mbali na kwetu. Akaja mama mmoja akisema hajisikii vizuri na siku zake zimepita. Nikamlaza kitandani, nikaanza kuliminya tumbo lake kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana anajua. Sista Inchaji, ndivyo tulivyomwita muuguzi msimamizi wa zahanati, akaingia, akaitazama mikono yangu.

"Huyu umemuuliza nini?"

Nikamwambia sijamuuliza kitu, nilitaka kusikia tumbo kwanza.

"Amekojoa?"

Sikujua.

"Basi hicho unachoshika ni mkojo. Toka. Nawa mikono, kisha urudi ukae hapo kwa kiti, na usishike mtu mpaka nikuambie."

Nilikaa kwenye kiti hicho wiki mbili. Nilimchukia, nawaambia ukweli. Nilikuwa nimesoma miaka mitatu na nusu, na sasa nilikuwa nimekalishwa kama mtoto aliyechelewa shule. Leo nikimkumbuka Sista Inchaji, naona kwamba kila alichonifundisha katika wiki hizo mbili ndicho nilichokuja kukitupa siku nilipokihitaji zaidi. Ndiyo maana ninaandika. Watu wa kanisani kwangu wananiambia niandike mambo mazuri ya kazi, vijana wapate moyo. Mazuri yapo, lakini sikustaafu na mazuri kichwani.

Wacha niwaambie mimba changa ilivyotafutwa wakati ule. Nyinyi mnachovya kijikaratasi kwenye mkojo, mnasubiri mistari miwili, mnamaliza. Sisi tulianza na mdomo. Sista Inchaji aliuliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na akina mama wa Kilungu hawakuwa watu wa kutaja tarehe. Mmoja atasema, "Ni tangu shule zifunguliwe." Mwingine, "Ilikuwa mara ya mwisho kabla ya kupanda maharagwe." Kwa hiyo Sista alikuwa na kalenda ukutani, ile ya bure ya dukani, ameijaza kwa kalamu: mvua ilipoanza, shule zilipofungwa, mkutano wa akina mama wa kanisa, mazishi ya chifu wa zamani. Mama akitaja jambo, Sista huweka kidole kwenye kalenda na kuhesabu wiki. Sijawahi kuona kifaa kilichofanya kazi vizuri kama kile.

Baada ya hapo aliuliza kichefuchefu, matiti kuuma, kwenda haja ndogo mara kwa mara. Aliuliza mambo yaleyale mara mbili, kwa njia mbili. Akitoka kwenye maswali ndipo mama huenda kukojoa, ndipo hulala chali, magoti yamekunjwa ili tumbo lilegee, pazia limefungwa, na mikono ya muuguzi imesuguliwa ipate joto. "Na usitafute mimba changa kwa juu," alisema. "Mfuko wa uzazi hauchungulii juu ya mfupa wa kinena mpaka miezi mitatu itimie. Kabla ya hapo unashika matumbo na upuuzi." Mimba ya miezi mitano hufika kitovuni, na siku zote huanzia chini kwenda juu. Hilo la kuanzia chini mliweke akilini.

Akiwa bado na shaka, alipima ndani kwa vidole viwili, kusikia kama shingo ya mfuko imelainika. Mwisho kabisa ulikuja mkojo wa asubuhi, ambao ulipelekwa maabara ya hospitali ya wilaya katika chupa za dawa ya kikohozi, na jibu likarudi baada ya siku kadhaa, kama lilirudi. Chupa nyingine zilikuwa hazijasuuzwa sabuni, na jibu likatoka la uongo. Sista hakuamini chupa. Hakuniamini mimi pia. Nafikiri hata yeye mwenyewe hakujiamini, na hiyo ndiyo sababu alikuwa mzuri.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajisumbua hivyo na jambo ambalo baada ya miezi michache litajionyesha lenyewe.

"Kwa sababu nikishamwambia mtu ana mimba, hatarudi nyumbani akiwa mtu yule yule," alisema. "Hata nikiwa nimekosea."

Nikaitikia ndiyo, Sista, kwa heshima, na nikaendelea kufunga bandeji. Lilinipita kabisa.

Baada ya Kilungu nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Mutomo. Huko nilimfanyia kazi klinikal ofisa mmoja, tabibu wa kituo, mtu mcheshi, mkono mwepesi, asiyependa mambo marefu. Foleni ilianza kabla jua halijatoka, akina mama wametembea na watoto mgongoni, na yeye alitaka wote wawe wameisha kabla ya chakula cha mchana. Aligundua kwamba naweza kusema mimba ni ya wiki ngapi kwa kushika tu, na nilikuwa sikosei sana. Ndipo akaanza kunitangaza. Wageni wakija kutoka wilayani ananiita, "Njoo Sista, waonyeshe. Huyu hahitaji maabara, ana macho kwa vidole." Wageni wanacheka, mimi najifanya naona haya. Kichwa kilikuwa kimevimba, nakwambia. Maswali nikaanza kuyapunguza. Kukojoa kwanza, nikawa nawakumbusha wale tu waliokuwa na sura ya kubanwa. Kalenda sikuwahi kutundika.

Nikiwa na jina hilo, nilipandishwa cheo. Nikapewa zahanati yangu mwenyewe, mbele ya Kyuso, nchi kavu ya ndengu na mbuzi. Nilikuwa inchaji sasa. Nilikabidhiwa funguo, rejista, kitabu cha barua chenye nakala, na muhuri wa zahanati pamoja na kisahani chake cha wino. Ule muhuri niliupenda. Kule barua bila muhuri ni karatasi ya kufungia chumvi, na yenye muhuri inasimama mbele ya chifu, ya mwalimu na ya mchungaji.

Watu wa zahanati tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa Mzee Musyoka, mhudumu, mzaliwa wa hapohapo, aliyefagia, aliyeandika kadi na aliyejua kila boma. Alikuwa na umri wa baba yangu. Nilimpa heshima ya mdomo, lakini kwa mambo ya ugonjwa sikumuuliza chochote. Ningemuulizaje mtu wa kufagia?

Karibu na zahanati kulikuwa na shule ya upili ya wasichana, ya bweni. Mwalimu mkuu wake alikuwa mtu mkali, si mbaya, mkali tu, na alijivunia kwamba shule yake haikuwa na aibu. Desturi yake ilikuwa kwamba kila muhula unapofunguliwa, wasichana wote hupimwa mimba kabla ya kuingia madarasani. Wanapangwa laini nje ya jumba la kulia, na muuguzi wa zahanati anapita akishika matumbo. Wakiwa wamesimama, na sketi zao, sweta zimepandishwa. Mmoja baada ya mwingine, na wenzao wanatazama.

Mara ya kwanza nilimwambia, "Mwalimu, mimba haipimwi mtu akiwa amesimama. Nipe chumba na kitanda."

"Sista, saa sita nataka hawa wote wawe darasani. Aliyekutangulia alikuwa anamaliza saa nne."

Nikamaliza saa nne. Nadhani hata robo saa kabla. Na nilipomaliza, alinishukuru mbele ya walimu, nikanywa chai ya maziwa ofisini kwake, nikaona nimefanya kazi ya maana. Muhula uliofuata sikutaja kitanda tena.

Mumbua alikuwa wa kidato cha pili. Alikuwa binti wa mzee wa kanisa, mkulima wa ndengu na mwenye mbuzi wengi, mtu wa suti moja ya kahawia. Msichana mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, macho makubwa. Nilipoweka mkono juu ya tumbo lake siku ile nikasimama. Kulikuwa na kitu kigumu, kimefika kitovuni.

"Siku zako uliona lini?"

"Sijaona, Sista. Ni kama miezi minne."

"Unatapika?"

"Nilitapika nikiwa na homa."

"Ni ya nani?"

Akanitazama kama ambaye hajaelewa. Kisha akaelewa. "Hapana, Sista. Mimi sijawahi. Sijawahi hata kidogo."

Mwalimu mkuu alikuwa amesogea. Mkobani nilikuwa na pakiti ya vile vijikaratasi vya mkojo, maana wakati huo vilikuwa vimeanza kuja hata zahanati za mbali. Nilikuwa navyo, hilo sitalificha. Choo kilikuwa hatua ishirini kutoka pale. Dakika tano tu zingetosha. Lakini kila mtu alikuwa ananitazama, mimi mwenye macho kwa vidole, na kutoa kijikaratasi kungekuwa kama kusema sina uhakika.

"Wote husema hivyo," nikamwambia.

Nikaketi kwenye ngazi ya jumba la kulia, nikafungua kitabu cha barua, nikaandika kwamba mwanafunzi huyo amepimwa na ana mimba ya miezi mitano. Nikatia sahihi, nikapiga muhuri. Mwalimu mkuu akachana karatasi ya juu, nakala ikabaki kitabuni. Mumbua alienda kuchukua sanduku lake. Hakulia. Aliniangalia tu akipita, na mimi nikaita, "Anayefuata."

Kulikuwa na mambo ambayo kila mtu wa huko aliyajua, isipokuwa mimi niliyetoka vilimani. Watoto wa kule wanachunga mbuzi likizo nzima, na wakichoka wanakaa juu ya vichuguu, kwa sababu juu ya kichuguu unaona mbuzi wako wote. Ndani ya vichuguu hivyo wanaishi usubi wadogo, na usubi hao wakikuuma wanaweza kukuachia ugonjwa uitwao kala-azar. Unaleta homa ya wiki na miezi, unamkondesha mtu, unakausha damu mpaka msichana haoni hedhi, na unavimbisha bandama. Bandama ni kiungo kilicho kushoto, chini ya mbavu. Kikivimba kinashuka, kinashuka, mpaka kinafika kitovuni. Kinatoka juu kwenda chini. Mimba inatoka chini kwenda juu. Mtu akiwa amelala chali, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atatofautisha. Kwa aliyesimama, sweta imepandishwa na sketi imekaza kiunoni, mimi sikutofautisha.

Miezi miwili ikapita. Asubuhi moja mama yake akaja zahanati, naye Mumbua nyuma amejifunga leso. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia, tumbo limetangulia.

"Sista, tumekuja kuchukua kadi ya kliniki," mama akasema. Sauti yake ilikuwa chini. "Baba yake amesema tumekaa na aibu vya kutosha, sasa mtoto aandikishwe. Lakini hii mimba inamla. Halali, anachemka kila jioni. Tuliona ni kawaida kwa mimba ya kwanza."

Kumbe homa zote zile walizihesabia mimba. Nani angempeleka hospitali msichana ambaye ugonjwa wake umeshaandikwa na muuguzi?

Nilimlaza. Magoti yakunje, nikasema. Nikaweka mkono chini ya kitovu na hapakuwa na kitu. Nikashuka mpaka juu ya kinena, tupu. Kile kitu kigumu kilikuwa kushoto, kinatokea mbavuni, kina ukingo, na akivuta pumzi kinasogea. Nikampa kikombe aende chooni. Mstari mmoja. Nikachovya kijikaratasi cha pili. Mstari mmoja.

Nikamwita Mzee Musyoka, kwa mara ya kwanza nikamuuliza kitu. Hakugusa. Alitazama tu kutoka mlangoni.

"Hiyo ni bandama, Sista. Huku kwetu watoto wa kuchunga wanaipata. Hata kijana wangu alikuwa nayo."

"Mbona hukuniambia?"

"Wewe ulikuwa umeshaandika," akasema.

Tulimpeleka hospitali siku hiyohiyo. Walimchoma sindano kila siku kwa karibu mwezi mzima, na akapona. Nilimshukuru Mungu kwa magoti, nikafikiri yameisha. Ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Dawa ya kala-azar ikifanya kazi, bandama inanywea na tumbo linarudi. Mumbua aliondoka kijijini na tumbo kubwa, akarudi bila tumbo na bila mtoto. Mnaona tulipofika. Watu walikuwa na barua yangu, wamesomewa shuleni na kunong'onezwa kanisani: mimba ya miezi mitano. Sasa mimba iko wapi? Walisema ameitoa. Karatasi ya hospitali iliandika kala-azar, lakini walisema ni baba yake amenunua maneno. Shule ikakataa kumrudisha. Mwalimu mkuu alisema wazi kwamba mwanafunzi aliyetoa mimba ni mbaya kuliko mwenye mimba. Kanisani mzee akaondolewa kwenye kiti chake cha mbele.

Akaja kwangu, amevaa suti ile ya kahawia na kofia mkononi.

"Sista," akasema, "mimi sikuja kugombana. Wewe ni binadamu. Nataka uandike mstari mmoja tu. Kwamba ulimpima tena na hakuwa na mimba. Piga muhuri. Mimi nitaipeleka shuleni, halafu nitaisoma kanisani mwenyewe."

"Nitaandika, Mzee," nikamwambia. "Njoo wiki ijayo." Na nilikuwa namaanisha.

Lakini barua ya namna hiyo nilifikiri lazima niiombee ruhusa. Nikaenda kwa msimamizi wa wauguzi wa wilaya. Alikuwa mama wa makamo, nadhifu, mwenye sauti tamu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia chai.

"Hiyo shule umeipima mihula mingapi?"

"Minane, mama."

"Na wasichana wengine uliwaandikia?"

"Ndiyo."

"Sasa ukiandika kwamba huyu ulikosea, kesho wazazi wa wale wengine watakuwa mlangoni kwako. Halafu kwangu. Umefikiria hilo?" Akafungua faili. "Naona umeomba uhamisho wa kurudi kwenu Makueni mara tatu. Mama yako ni mgonjwa?"

"Ndiyo, mama."

"Tulia kidogo. Mambo haya hupoa yenyewe."

Hakunikataza. Mpaka leo sina neno moja lake ninaloweza kumshtaki nalo. Nilielewa mwenyewe, na nilikubali mwenyewe.

Baba yake Mumbua alikuja wiki iliyofuata, nikamwambia karatasi zimeisha. Akaja tena, nikamwambia muhuri umepelekwa wilayani kutengenezwa. Mara ya mwisho nilimwona kwa dirisha akija na kofia yake, nikaingia stoo ya dawa, nikajifungia. Nikamwambia Mzee Musyoka aseme nimeenda semina. Nilikaa kwenye katoni ya pamba na kumsikiliza yule baba akikohoa nje kwenye benchi. Alikaa tangu asubuhi hadi jua la utosi. Muhuri ulikuwa mfukoni mwangu. Mimi ni mwoga, na siku ile nilijijua.

Uhamisho ulitoka kabla mvua hazijaanza. Usiku wa kufungasha sikulala, si kwa furaha, bali kwa sababu nilikuwa nimekifungua kile kitabu cha nakala na kuwasoma wasichana wote niliowaandikia. Nani kati yao alikuwa na mimba kweli? Sikujua. Sikuwahi kumpima hata mmoja wao akiwa amelala. Nikakifunga, nikakikabidhi pamoja na funguo, na aliyenifuata akatia sahihi kwamba amepokea vitu vyote vikiwa katika hali nzuri.

Miaka iliyobaki nilifanya kazi Makueni, na nilifanya vizuri, hata adui atakwambia. Nilitundika kalenda. Niliwakojolesha wote kwanza. Kila aliyeniambia hajawahi, nilimwambia, "Sawa, nimesikia, sasa tupime." Shule zikiniita kupanga wasichana laini nilikataa, na nikaitwa mkaidi. Wauguzi vijana walinisifu kwa uangalifu wangu. Hawakujua umetoka wapi. Habari za Mumbua nilizipata kwa Mzee Musyoka, aliyenipigia simu mara moja moja mpaka alipofariki: kwamba baba yake alimwoza mwaka uleule kwa mgane mmoja, mwanamume aliyefiwa na mke, aliyesema hajali maneno ya watu, kwamba mzee mwenyewe alihama kanisa, kisha akaacha kwenda popote, kwamba alizikwa na suti yake ya kahawia.

Nilipostaafu walinifanyia sherehe. Nilipewa blanketi na seti ya sufuria. Daktari wa kaunti, kijana mdogo, alisema mikono yangu imebariki kizazi kizima. Makofi. Nilirudisha muhuri wa kituo, wakautia kwenye bahasha, nikatia sahihi. Nilikuwa naitazama ile bahasha wakati wenzangu wanaimba.

Nyinyi mnaoanza sasa, sina hotuba. Vipimo vyenu ni vizuri kuliko vyetu, na nasikia bado kuna shule zinapanga wasichana laini, na bado kuna wauguzi wanaoenda kwa sababu chai inapikwa. Kama umeitwa, ujue kwamba hutaitwa tena kurekebisha. Wanaokupigia makofi kwa wepesi wako hawatakuwa kwenye benchi siku yule baba akija.

Mwezi uliopita niliandika ile barua. Iliyokuwa iandikwe kwa dakika tano, niliiandika kwa siku nne. Niliweka jina langu, cheo changu cha wakati ule, na kwamba mimi ndiye niliyepima vibaya, kwamba msichana hakuwa na mimba wala hakutoa mimba, na kwamba nilikuwa na kipimo mkobani. Kisha nikasafiri, nikalala Mwingi, na asubuhi nikafika Kyuso siku ya soko.

Sikuhitaji kuuliza sana. Alikuwa amekaa nyuma ya magunia ya ndengu, mizani mbele yake, mama mtu mzima, mrefu vilevile. Alinitambua kabla sijasema kitu.

"Sista," akasema. "Umezeeka."

Akanitafutia kigoda. Nikaanza maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, yakanipotea, nikamwambia tu nisamehe na kumpa bahasha. Alifuta mikono kwenye leso, akaitoa karatasi, akaisoma polepole, midomo ikitembea. Nilimwona akifika mwisho na kurudi juu.

"Baba angefurahi," akasema. "Mume wangu akikasirika bado ananiuliza yule mtoto nilimtupa wapi. Watoto wangu wanasikia. Nilikuwa namwambia, iko siku Sista ataandika."

"Basi mwonyeshe hiyo, Mumbua. Waonyeshe wote."

Akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake, akaigeuza tena. Akapitisha kidole chini ya sahihi yangu, pale palipokuwa peupe.

"Muhuri iko wapi?"

Nikamwambia nilirudisha. Nimestaafu, sina muhuri tena.

"Ile ya kwanza ilikuwa na muhuri," akasema.

Hakusema kwa hasira. Aliikunja barua kwenye mikunjo yake ileile, akanirudishia, na kumgeukia mteja aliyekuwa anasubiri kupimiwa ndengu kilo mbili.